Mwanafunzi Anapomsaidia Mwalimu, Heshima Haipotei



Leo ninapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine hawapendi kulisikia: mtoto wa masomo kumsaidia mwalimu wake. Si kumbebea mfuko, si kumfutia tablo, si kwenda kumtekea maji. Kazi hizo watoto wetu wanazifanyaka tangu zamani. Ninasema kumsaidia ndani ya somo lenyewe: kuwasha ordinateri, kutengeneza projekteri, kushika chombo cha kupimia umeme, ili kalasi nzima ijifunze kwa mikono na si kwa masikio peke yake.

Utaniambia: «Baba Pasta, sasa mwalimu atakuwa mwalimu wa nini?» Ni ulizo zuri. Tutalijibu pole pole.

Mikono ya watoto wetu

Tembea Kolwezi, Likasi, Kambove ao Fungurume siku ya posho mchana. Angalia vijana wanaokaa kando ya barabara na meza ndogo na parasoli. Kijana wa miaka 15 anafungua telefone iliyoanguka ndani ya maji, anaikausha, anabadilisha kipande, na telefone inasema tena. Mwenzake anapanda juu ya nyumba kufunga paneli ya jua. Binti anayemsaidia dada yake mahali wanapopiga fotokopi anaandika barua ya mteja kwa ordinateri, anaichapa, anaitengeneza mashine iliyokataa karatasi. Hakuna aliyewafundisha kwa kitabu. Macho yaliona, mikono ikajaribu.

Siku ya kwanza asubuhi, vijana wale wale wanaingia kalasi. Mwalimu anaandika juu ya tablo, nao wanaandika ndani ya kaye. Wanakariri maana ya umeme, maana ya nguvu, maana ya asidi. Mikono iliyofufua telefone haina kazi nyingine ila kushika bik.

Sisemi haya ili kuwacheka walimu wetu. Hali yao mnaijua. Tangu masomo ya msingi yalipofanywa bure katika shule za Serikali mwaka 2019, watoto wengi waliokuwa nyumbani wameingia, na hilo ni jambo la kushangilia. Lakini chumba hakikuongezeka kwa sababu watoto wameongezeka. Mwalimu mmoja mbele ya kundi kubwa namna ile, pasipo vyombo, atafanya nini zaidi ya kuandika na kusomesha kwa sauti?

Na sisi wa sehemu za migodi tuna hatari yetu wenyewe. Nyuma ya ukuta wa shule kuna machimbo. Mtoto anayeona kwamba masomoni hakuna mtu anayehitaji kitu kutoka kwake, anajua mahali mikono yake itakapohitajiwa leo leo: kuosha mawe, kubeba mifuko, kushuka ndani ya shimo pamoja na wale tunaowaita kreseri. Mimi mchungaji nimesimama kwenye makaburi ya vijana walioanza na neno moja: «Ni siku moja tu, nipate minerval.» Umasikini ndio sababu ya kwanza, sitaki kudanganya mtu. Lakini nimeongea na vijana wengi waliotoka masomoni, na neno hili limerudi mara nyingi: «Kule tulikuwa tunakaa tu.» Umasikini hatutaumaliza kesho. Hilo la «kukaa tu» tunaweza kulianza leo.

Somo la ndimu

Niko katika komite ya wazazi wa shule moja ya kwetu. Sitaitaja, kwa sababu yaliyotokea pale yanafanana na ya shule nyingi. Mtu mwema alitoa zawadi: ordinateri moja, projekteri moja, kamera ndogo ya waya, na vyombo viwili vya kupimia umeme, vile mafundi wanaita testeri. Tulipiga mikono, tukapiga picha. Kisha vyombo viliingia ndani ya kabati ya prefe, na kabati ikafungwa. Mwaka mmoja ulipita. Kila mtu aliogopa kuvunja, na walimu waliogopa zaidi kuonekana hawajui.

Mwalimu wa sayansi, mzee wa miaka zaidi ya 50, ndiye aliyevunja woga ule. Aliita vijana wawili wa kalasi ya nane: mvulana anayetengeneza telefone sokoni pamoja na kaka yake, na binti wa pale kwa fotokopi. Aliwaambia mbele ya prefe: «Mimi nataka kufundisha namna umeme unatoka ndani ya pile. Vyombo hivi sivijui. Ninyi mtanionyesha.»

Binti alijibu: «Mwalimu, haiko nguvu. Tutakuonyesha, kisha utafanya wewe mwenyewe.»

Angalieni neno lile: utafanya wewe mwenyewe. Siku ya ine, saa ya kutoka, walibaki watatu ndani ya kalasi. Vijana walionyesha, wakatoa mikono yao, mwalimu akajaribu mara tatu mpaka akaweza. Hakuna aliyecheka.

Siku iliyofuata nilikuwa nimekaa nyuma ya kalasi. Juu ya meza palikuwa na ndimu ine, vipande vya waya wa shaba, na misumari ya manjanja, ile iliyofunikwa na zinki. Kamera ndogo ilikuwa inaangalia testeri, na projekteri ilikuwa inatupa namba ukutani, zikionekana kubwa. Hapo niliona faida ya chombo. Kalasi ilikuwa na watoto zaidi ya 60, na testeri ni ndogo kama mkono. Pasipo ukuta ule, watano wangeona, wengine wangesukumana.

Mwalimu aliuliza: «Umeme uko ndani ya ndimu, ao uko ndani ya chuma?» Wengi walijibu kwa sauti moja: ndani ya ndimu, kwa sababu iko kali. Mwalimu hakusema ndiyo wala hapana. Alisema: «Tujaribu.»

Walichoma waya wa shaba na msumari wa zinki ndani ya ndimu moja. Ukutani: karibu volti 0.9. Kalasi ilipiga kelele. Walitoa msumari, wakaweka waya mbili, zote za shaba. Ukutani: sifuri. Kimya. Ndimu ni ile ile, ukali ni ule ule, na umeme wapi? Msichana mmoja wa banki ya nyuma alisimama: «Mwalimu, tujaribu kwa kirai.» Walijaribu kwa kiazi, shaba na zinki, na namba ikarudi karibu na ile ya kwanza. Sasa walianza kuelewa, wao wenyewe, kwamba siri si ndimu tu. Ni vyuma viwili visivyofanana, na kati yao maji yenye chumvi ao ukali.

Kisha walifunga ndimu zote ine kwa mstari, shaba ya moja kwa zinki ya ingine, na mwishoni taa ndogo nyekundu, ile ya ndani ya tochi za siku hizi. Taa haikuwaka. Mvulana wa telefone alinong'ona: «Mwalimu, mguu mrefu unaendaka upande wa shaba.» Mwalimu aligeuza. Dakika ile ile kurani ya mji ikakatika, kama ilivyo desturi yetu. Projekteri ilizimika, kalasi ikawa giza kidogo kwa sababu ya mvua iliyokuwa inakuja, na pale mbele taa ile ndogo ilikuwa inawaka kwa nguvu ya ndimu ine. Mnajua namna watoto walivyoshangilia.

Lakini jambo kubwa lilifuata. Mwalimu alimgeukia yule mvulana: «Umejua mguu mrefu. Sasa utuambie, nguvu hii inatoka wapi?» Mvulana alinyamaza. Hakujua. Hapo mwalimu alichukua chaki na kueleza: zinki inayeyuka pole pole ndani ya maji makali, na inapoyeyuka inaachilia umeme unaopita ndani ya waya kwenda upande wa shaba, siku zinki itakapokwisha, taa itazimika hata kama ndimu ingali na maji. Aliwaambia kwamba Alessandro Volta wa Italia alitangaza pile yake ya kwanza mwaka 1800 kwa vyuma viwili namna hiyo na nguo iliyolowana na maji ya chumvi. Akawaambia pia kwamba betri ya telefone inafuata njia ya namna ile, vitu viwili visivyofanana, na kwamba ndani ya betri nyingi muna kobalti. Na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka chini ya miguu yetu.

Niliona macho ya watoto. Shaba wanaijua, wanaishi juu yake. Zinki wanaisikia, Kipushi haiko mbali. Kobalti imelisha nyumba nyingi na imeua wengine. Lakini siku ile walijua kazi ya vitu hivyo, si bei yake tu.

Wengine walijaribu mbele yetu

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1996, katika mji wa Olympia, jimbo la Washington kule Marekani, mtu anayeitwa Dennis Harper alianzisha kazi iliyoitwa baadaye Generation YES. Shida yao ilikuwa ile tunayoijua: Serikali inanunua ordinateri, walimu wanaitwa kwa mafunzo ya siku chache, wanarudi, wanasahau, na mashine inabaki kimya. Harper aliona kwamba shule yenyewe imejaa watu wanaopenda mashine na wanaofika kila siku: wanafunzi.

Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Mwanafunzi anajifunza kwanza, si mashine tu, bali pia namna ya kusaidia mtu mkubwa. Kisha anapewa mwalimu mmoja wa kushirikiana naye. Anamwuliza: ni somo gani ungependa liwe zuri zaidi? Mwalimu ndiye anayechagua somo, na ndiye anayejua lipi ni la kweli na lipi si la kweli. Mwanafunzi analeta ufundi wa chombo. Wanatengeneza somo pamoja. Mwaka 1997, mjini New York, kazi nyingine inayoitwa Mouse ilianza, nayo ikafika mahali pa kuandaa makundi ya wanafunzi wa kutunza ordinateri za shule zao.

Hata hapa Afrika mambo haya yana miaka. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Pamoja na wenzake huko Marekani alitengeneza mwaka 1967 lugha ya ordinateri kwa watoto, iitwayo Logo. Mtoto anaiamuru mashine ichore, na inapochora vibaya, anatafuta mwenyewe kosa liko wapi. Mwaka 1982 ordinateri zilipelekwa kwa watoto wa Dakar, Senegali, katika kazi ambayo Papert alikuwa ndani yake. Fundisho lake kubwa lilikuwa hili: mtoto anaelewa vizuri zaidi anapotengeneza kitu ambacho wengine wanaweza kukiona na kukishika. Wazee wetu waliofundisha watoto kusuka vikapu na kufua vyuma hawangeshangaa kusikia neno hilo.

«Mtoto atamfundisha mkubwa?»

Sasa turudi kwa ulizo letu. Wengi wanaogopa kwamba mwalimu akikubali kuonyeshwa na mtoto, kesho watoto watampanda juu ya kichwa.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine katika atelie za Gécamines kule Panda, Likasi. Alikuwa anaweka chuma kimoja juu ya motere, upande mwingine anaweka sikio, na anakuambia ugonjwa wa motere ile. Miaka ilipopita, macho yake yalipungua, na vyombo vya kupimia vilikuja na namba ndogo ndogo. Alikuwa na msaidizi, kijana mdogo kuliko mimi. Kijana yule ndiye aliyesoma namba. Siku moja nilimwuliza baba kama haoni haya mbele ya wenzake. Alinijibu: «Ye anasomaka namba. Mi najua namba inasema nini.»

Ndugu msomaji, lishike neno hilo. Kusoma namba ni kazi, na kujua namba inasema nini ni kazi nyingine. Kijana wa siku hizi anasoma namba upesi. Anajua kifungo gani kinafungua nini. Lakini mbele ya ulizo «nguvu inatoka wapi?» ananyamaza, kama yule mvulana wa telefone. Mwalimu asiyeogopa kuonyeshwa kifungo anabaki na nafasi ya kuonyesha maana. Mwalimu anayeficha vyombo ndani ya kabati, watoto wanajua vizuri sana kwa nini anavificha. Hapo ndipo heshima inapotea.

Tangu somo lile la ndimu, yule mwalimu mzee anaitwa kila mahali. Watoto wanamngojea mlangoni. Na yule mvulana, ambaye mama yake alikuwa ananililia kwamba anakosa masomo siku mbili ao tatu kila juma, siku hizi anafika mapema, kwa sababu ufunguo wa kabati ile uko katika ulinzi wake na wa binti yule. Sisemi kwamba shida zote za nyumba yao zimekwisha. Minerval inawatesa bado. Lakini kuna mahali ambapo asipofika, watu wanamwuliza yuko wapi.

Tuanze namna gani?

1. *Kwa vijana.* Usimwambie mwalimu mbele ya kalasi: «Si hivyo, hujui.» Mngojee, msalimie, useme: «Mwalimu, ukinipa ruhusa, nitakusaidia.» Onyesha pole pole. Usimnyang'anye chombo mkononi. Mwache aguse mwenyewe, hata akichelewa. Wewe pia ulichelewa siku ya kwanza. Na mambo ambayo ni siri ya mwalimu, kama pointi na maulizo ya mtihani, usiyafungue hata kama unajua njia.

2. *Kwa walimu.* Chagua somo kwanza, chombo baadaye. Jiulize: leo watoto watajaribu nini kwa mikono yao? Jaribuni pamoja na wasaidizi siku moja mbele. Tena, usiite wavulana peke yao. Binti zetu wanajua, lakini wavulana wanakimbilia mbele na kuwafunika.

3. *Kwa shule zisizo na ordinateri.* Telefone moja inatosha kuanza. Funga jiwe kwa kamba ya metri moja, lisukume kidogo, na upime kwa saa ya telefone: mara 10 za kwenda na kurudi zitachukua karibu sekunde 20. Weka jiwe zito zaidi, lakini usibadilishe urefu wa kamba, na watoto wakisie kwanza kabla ya kupima. Watashangaa kwamba saa haibadiliki. Ao weka tone dogo sana la maji juu ya jicho la kamera, upande wa kioo, na ulete jani karibu: tone litakuwa kama lupu.

4. *Kwa usalama.* Umeme wa ndimu haudhuru, lakini ndimu iliyochomwa na zinki isiliwe, itupwe. Umeme wa ukutani si wa kuchezea, na betri ya telefone isifunguliwe wala kutobolewa, kwa sababu inaweza kuwaka moto.

5. *Kwa wazazi.* Msitie watoto moyo wa kudharau mwalimu asiyejua mashine. Na tukiwa katika komite, tusiulize tu «Vyombo viko salama?» Tuulize pia: «Juma hili vimetumiwa na nani, kwa somo gani?» Chombo kinachokaa kipya ndani ya kabati miaka mitano kimeharibika tayari.

Wengine watasema: watoto wanangojewa na Exetat, hakuna wakati wa kuchezea ndimu. Nimewaza juu ya hilo. Lakini miezi miwili nyuma ya somo lile, mwalimu alitoa ulizo juu ya pile katika mtihani wake. Mtoto mmoja alisahau maneno ya kaye, akaandika kwa maneno yake mwenyewe: «Kama vyuma vinafanana, taa haiwaki. Niliona.» Mwalimu alimpa pointi zote. Na mimi ningempa.

Ya kuzungumza nyumbani jioni hii

Kila jamaa ichukue dakika chache. Wazazi, waulizeni watoto: «Juma hili masomoni, mikono yako ilifanya nini?» Watoto, waulizeni wazazi: «Ni kitu gani ulifundishwa na mtu mdogo kuliko wewe, na ulijisikia namna gani?» Kisha kila mmoja ataje jambo moja ambalo anaweza kumwonyesha mwengine ndani ya nyumba, kwa uvumilivu na pasipo kumcheka.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu ana kidole kimoja, mwanafunzi ana kingine.